Mbu wa Homa na Makao Yake

Mwaka 1898 Robert Koch, daktari mashuhuri wa Kijerumani, alitoa habari za safari yake katika nchi yetu. Katika habari hizo alieleza jambo alilolisikia kwa watu wa milima ya Usambara. Watu wa milimani waliposhuka tambarare walipatwa na homa, na homa hiyo waliiita kwa jina la mbu, kwa kuwa walisadiki kwamba mbu wa huko chini ndio walioileta. Jina la mdudu na jina la ugonjwa lilikuwa moja.

Msafiri Mwingereza, Richard Burton, alikuwa amekwisha kusikia habari kama hiyo kwa Wasomali. Walimwambia kuwa kuumwa na mbu huleta homa za kufisha. Yeye katika kitabu chake cha mwaka 1856 aliyahesabu maneno hayo kuwa ushirikina tu. Aliona kuwa mbu na homa huzidi wakati mmoja, na kwamba watu wamedhani kimoja huzaa kingine. Wakati ule wataalamu wa Ulaya walifikiri homa hii yatoka katika mvuke wa matope na vinamasi, na kwa hiyo wakaiita malaria, neno la Kiitalia, maana yake hewa mbaya.

Basi nimewaza kuwaandikia habari za watu waliochunguza mbu, jinsi walivyotafuta anakozaliwa, anakolala, saa anayouma, na damu anayoipenda. Habari hizi si za kujifurahisha tu. Nitaeleza kwanza kwa nini nilianza kuzitafuta, ingawa kueleza huku kwanipa haya.

Katika kijiji kimoja nilichofundisha, masika moja homa iliwashika watoto wengi mno. Darasani palikuwa na nafasi tupu kila asubuhi. Tulikutana, walimu na wazee, tukakata shauri kupigana na mbu. Jumamosi tatu mfululizo niliwaongoza watoto kwa majembe na mafyekeo. Tulifyeka nyasi zote kuizunguka shule, tukakata migomba iliyokuwa karibu na nyumba, hata mahindi ya mzee mmoja tuliyafyeka yangali machanga, naye alinyamaza kwa ajili ya watoto. Kazi ilipokwisha kijiji kilipendeza machoni. Lakini homa haikupungua, na mtoto mmoja wa darasa la tatu hakurudi tena shuleni. Tulimzika siku ya Alhamisi.

Baada ya hayo alifika bwana afya, mtu mpole asiye na maneno mengi. Hakuzitazama nyasi. Alichukua upawa mweupe wenye mpini mrefu, akaenda moja kwa moja nyuma ya darasa jipya, mahali tulipochimba udongo wa kufyatulia matofali. Mashimo yale yalikuwa yamejaa maji ya mvua, nayo jua liliyapiga mchana kutwa. Akachota, akanionyesha. Viluwiluwi vilikuwa vimelala juu ya maji, bapa, kama vijiti vilivyoangushwa. Akasema, "Mwalimu, hawa ndio wa homa. Wa chooni huning'inia kichwa chini. Hawa hulala." Mashimo yale niliyaamuru mimi mwenyewe yachimbwe. Wazee husema, kikulacho ki nguoni mwako, nami siku ile niliijua maana yake.

Tangu hapo nimesoma habari hizi kila nilipozipata, nanyi nawapa kwa mpango.

Mbu si mmoja

Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran, alipokuwa katika mji wa Constantine nchini Algeria, aliona kwa darubini vijidudu hai ndani ya damu ya askari mwenye homa. Hivyo ilijulikana kuwa hewa mbaya si chanzo. Lakini vijidudu vile viliingiaje katika damu?

Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyezaliwa Bara Hindi mwaka 1857 na kufanya kazi huko, alilitafuta jibu katika mbu. Kwa muda wa miaka miwili hivi aliwapasua mbu wengi mno waliokuwa wamekunywa damu ya wagonjwa, asione kitu. Sababu yake twaijua sasa: mbu aliowapasua hawakuwa wa aina ile. Walikuwa mbu wa kijivu na mbu wenye mistari, ambao kijidudu cha homa ya watu hakiwezi kukua ndani yao. Hata mwezi wa Agosti 1897, huko Secunderabad, alipata mbu wachache wa aina nyingine, wenye mabawa ya madoadoa. Mgonjwa mmoja, jina lake Husein Khan, alikubali kuumwa nao kwa malipo. Tarehe 20 Agosti Ross alimpasua mmoja wa mbu hao, akaona katika ukuta wa tumbo lake vivimbe vyenye chembe nyeusi, kama zile zilizoonekana katika damu ya wagonjwa. Mwaka uliofuata alionyesha, kwa homa ya ndege, ya kuwa kijidudu hukua ndani ya mbu na kupita katika mate yake hata kuingia katika damu mpya. Mwaka 1902 alipewa tuzo ya Nobel.

Wakati huo huo huko Italia, Giovanni Battista Grassi alishika njia nyingine. Yeye hakuanza na darubini, alianza na miguu yake. Alikwenda mahali penye homa na mahali pasipo homa, akikusanya mbu wa kila mahali na kuwalinganisha. Mbu aliyeonekana kwa wingi mahali pasipo homa alimwacha, na yule aliyeonekana hasa penye homa alimshika. Hivyo mwaka 1898 alifika kwa mbu wa jamii ya anofelesi, na pamoja na wenziwe akathibitisha kuwa ndiye achukuaye homa ya watu.

Leo yajulikana kuwa duniani mna aina za mbu zipatazo 3,500. Jamii ya anofelesi ina aina zaidi ya 400, na katika hizo ni kama 40 tu zenye madhara makubwa kwa watu. Tena ni majike tu waumao, kwa kuwa damu yawasaidia kutaga mayai. Basi mtu asemaye, "Nitawamaliza mbu wote," amejitwika mzigo asioweza kuubeba. Na mtu asemaye, "Nitamtafuta yule mmoja aletaye homa hapa kwetu," huyo amekwisha kuanza kazi.

Kazi ya Malcolm Watson huko Malaya

Mwaka 1901 daktari Malcolm Watson alifika Klang, mji wa Selangor katika nchi ya Malaya. Homa iliwaua watu wa mji ule, na bandari mpya iliyokuwa karibu ilikuwa karibu kufungwa kwa sababu yake. Watson aliyakausha maji ya vinamasi kwa mifereji na kufyeka msitu uliozunguka mji, na homa ikapungua sana. Mashamba ya mpira ya tambarare yakafanya vivyo hivyo, nayo yakapata nafuu.

Kisha watu wakaanza kulima mpira vilimani. Wakafikiri, dawa iliyoponya tambarare itaponya na vilima. Wakafyeka msitu wa mabondeni, wakaviacha wazi vijito vinavyotiririka kati ya vilima. Badala ya kupungua, homa ikazidi kuliko kwanza.

Watson alichunguza maji ndipo akaelewa. Tambarare mbu mwenye homa alikuwa Anopheles umbrosus, apendaye maji yaliyotulia chini ya kivuli cha msitu. Ukiondoa kivuli na kukausha maji, yeye hutoweka. Lakini vilimani mbu mwenye homa alikuwa Anopheles maculatus, apendaye maji safi yatiririkayo penye jua. Wenye mashamba walipofyeka msitu, walimtengenezea nyumba yake. Kazi ile ile, kwa majembe yale yale, iliponya upande mmoja na kuua upande wa pili. Vilimani ikabidi kuyapitisha maji chini ya ardhi katika mabomba, au kuyamwagia mafuta juu yake.

Mtaalamu mmoja Mholanzi, Swellengrebel, aliyefanya kazi katika visiwa vya jirani, aliliona jambo hili, na mafundisho yakatoka kwake na kwa Watson: usipigane na maji yote, pigana na maji ya yule mbu mwenye homa katika mahali pale. Nilipoyasoma haya niliyakumbuka mahindi ya yule mzee.

Mgeni wa Brazil

Sasa nawapeni habari ya mbu wetu wa Afrika aliyevuka bahari. Mwezi wa Machi 1930 mtaalamu mmoja, Raymond Shannon, alikuwa akitembea katika mji wa Natal, kaskazini mashariki ya Brazil. Katika maji yaliyotuama alikuta viluwiluwi vya Anopheles gambiae, mbu wa Afrika, ambaye hajaonekana kamwe upande ule wa dunia. Yadhaniwa alikuja kutoka Dakar katika meli za mbio za Wafaransa zilizochukua barua.

Palitokea homa kali katika mji wa Natal, kisha ikatulia, na watu wakasahau. Lakini mbu hakutulia. Alisafiri polepole kufuata pwani na mabonde ya mito kwa miaka kadhaa bila kutangazwa. Mwaka 1938 homa ililipuka katika nchi za Rio Grande do Norte na Ceará. Wagonjwa walizidi 100,000, na waliokufa walihesabiwa kuwa 14,000 au zaidi. Mahali pengine hapakuwa na mtu mzima wa kumtekea maji mgonjwa.

Mwaka 1939 serikali ya Brazil pamoja na shirika la Rockefeller la Marekani waliunda jeshi la kupigana na mbu huyu, mkuu wake akiwa Fred Soper. Nguvu yao ilikuwa nini? Wengi hutaja sumu, ule unga wa kijani uitwao Paris green. Lakini sumu pasipo maarifa ingetupwa bure. Walimjua mbu wao. Walijua kuwa gambiae hutaga katika vidimbwi vidogo vyenye jua karibu na nyumba za watu, na kuwa hupenda kulala ndani ya nyumba. Kwa hiyo nchi ikagawanywa mafungu mafungu, kila mtu akapewa eneo lake na ramani yake, naye akapita kila juma kutazama kila dimbwi, bila kuacha hata moja. Wengine waliingia majumbani kuwatafuta mbu wazima. Magari yaliyotoka katika eneo la homa yalisimamishwa na kupigwa dawa. Mwezi wa Novemba 1940 mbu wa mwisho walionekana, na tangu hapo hawakuonekana tena. Jambo kama hilo lilifanyika Misri, ambako mbu huyo aliingia kutoka kusini mwaka 1942, na mwaka 1945 alikuwa amekwisha kuondolewa.

Yatupasa kuisoma habari hii kwa akili. Huko Brazil na Misri gambiae alikuwa mgeni, katika nchi kavu ambako maji yanayomfaa yaweza kuhesabika. Kwetu ni mwenyeji. Masika inyeshapo, kila unyayo wa ng'ombe uliojaa maji waweza kuwa nyumba yake. Hatuwezi kuiga kazi ya watu wale neno kwa neno, lakini tabia yao ya kutazama kwa uangalifu twaweza kuiiga.

Wanaofanana si ndugu wamoja

Kuna fumbo lililowasumbua wataalamu wa Ulaya kwa muda mrefu. Mahali pengi palikuwa na anofelesi wengi, wala hapakuwa na homa. Aliyelifungua fumbo hilo alikuwa mzee mmoja wa Italia, Domenico Falleroni, mkaguzi wa afya aliyekwisha kustaafu, ambaye alifuga mbu nyumbani kwake. Kufikia mwaka 1926 alikuwa ameona ya kuwa mbu waliofanana kabisa kwa umbo walitaga mayai yenye michoro mbalimbali. Baadaye ikajulikana kuwa ni aina kadhaa. Wengine hupenda damu ya ng'ombe, wengine damu ya watu.

Na kwetu Afrika ikawa hivyo hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1951 juu ya mbu wa pwani ya Afrika Mashariki ulionyesha kuwa kuna gambiae wa maji ya chumvi na gambiae wa maji baridi. Katika miaka ya 1960 wataalamu waliwazalisha pamoja mbu wa mahali mbalimbali, wakaona kuwa madume waliozaliwa katika ndoa hizo walikuwa tasa. Hivyo yule aliyeitwa gambiae aligawanyika akawa aina nyingi zinazofanana kwa macho. Mmoja ni Anopheles gambiae mwenyewe, apendaye sana watu na nyumba. Mwingine ni arabiensis, anayevumilia nchi kavu, anayeuma ng'ombe na watu, ndani na nje. Yule wa chumvi wa pwani yetu huitwa merus. Hata yule aliyevamia Brazil, miili yake iliyohifadhiwa ilipochunguzwa miaka mingi baadaye, alionekana kuwa arabiensis.

Pare na Taveta

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki kazi ya kumjua mbu ni ya zamani. Habari za A. J. Haddow juu ya mbu na hali ya hewa ndani ya vibanda vya wenyeji huko Kisumu zilichapishwa mwaka 1942. Tusisahau kuwa kazi za namna hii zilifanywa pia na vijana wa Kiafrika waliokesha usiku kucha, miguu wazi, wakiwakamata mbu waliokuja kuwauma na kuwaweka katika vichupa kwa kila saa. Majina yao hayakuandikwa juu ya vitabu. Lakini kwa kazi ya watu kama hao twajua kuwa gambiae na funestus huuma hasa usiku wa manane, wakati watu wamelala fofofo.

Mwaka 1954 ulianza mpango mkubwa katika Upare wa Tanganyika na Taveta ya Kenya. Wataalamu wake walitoka katika chuo cha malaria kilichokuwa Amani, katika Usambara ile ile ya Koch, wakiongozwa na daktari Bagster Wilson. Walikuwa wamekwisha kujifunza kuwa mbu jike, akisha kunywa damu ndani ya nyumba, huwa mzito, naye hutua ukutani kupumzika. Tena walijua kuwa kijidudu cha homa chahitaji siku kumi au zaidi kukua ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Basi mbu kijana hana hatari, mwenye hatari ni mbu mzee. Ukiupaka ukuta dawa, wachache tu watauona uzee. Kuanzia mwaka 1955 hata 1959 kuta za nyumba zilipuliziwa dawa iitwayo dieldrini, na homa ikashuka sana.

Hapo likatokea jambo la kufundisha. Mbu wa funestus walikwisha ndani ya nyumba, lakini baadaye walionekana tena mbu mfano wao. Mtu asiyejua angesema kazi imeharibika. Wataalamu M. T. Gillies na A. Smith waliwachunguza kwa makini, wakaona kuwa si funestus, bali ni aina nyingine, iitwayo rivulorum. Huyo hupenda damu ya wanyama, wala si mchukuzi mkuu wa homa. Aliingia mahali palipoachwa wazi.

Mwaka 1959 upuliziaji ulikoma. Gambiae na funestus wakarudi polepole, na homa ikarudi nyuma yao. Kumjua adui ni jambo moja, na kudumu katika vita ni jambo la pili.

Huko Muheza, Gillies aliwatia mbu alama, akawaachilia, kisha akawatafuta katika nyumba za mbali na za karibu. Wengi hawakwenda zaidi ya kilometa moja au mbili. Habari hii ni kubwa kwa watu wa vijijini. Maana yake, mbu akuumaye usiku amezaliwa karibu na kwako, katika maji ambayo wewe na jirani zako mwayajua.

Siku hizi

Chandarua chenye dawa chatumika kwa sababu ya maarifa yale yale: mbu huuma usiku wa manane, ndani, penye mtu aliyelala. Kuanzia mwaka 1997 vyandarua vya namna hiyo vilienezwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na vifo vya watoto wadogo waliolala ndani yake vilikuwa pungufu kwa kadiri ya robo. Katika Tanzania bara na visiwani, watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa na kuonekana na vijidudu vya malaria walikuwa 18 katika kila 100 mwaka 2008, na 7 mwaka 2017. Lakini mwaka 2022 walikuwa 8. Tumesimama, hatuendi mbele sana.

Kwa nini? Kwa kuwa mbu naye hujifunza. Gambiae wa nyumbani wamepungua mahali pengi, na arabiensis, aumaye hata nje na mapema, amebaki. Wengi wamezoea dawa ya vyandarua. Katika vijiji vya bonde la Kilombero, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa arabiensis ndio wengi kwa hesabu, lakini zaidi ya 80 katika kila 100 ya maumo yenye homa yalitoka kwa funestus walio wachache. Tena mwaka 2020 wataalamu wetu wa Ifakara walieleza maji ya funestus: vidimbwi vya chemchemi vyenye kingo, mabwawa yanayodumu na maji karibu mwaka mzima, na maji ya vijito yaendayo polepole. Maji ya namna hiyo si mengi kama nyayo za ng'ombe. Yaweza kuhesabiwa.

Na kama ilivyokuwa Brazil, mgeni amekuja kwetu. Anopheles stephensi wa Asia alionekana Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia na Sudan, na mwaka 2023 ilitangazwa kuwa yupo Kenya. Huyu hutaga katika matangi na mapipa ya maji mijini. Wabrazil walipoteza miaka minane katika kusahau. Yafaa tusiige hilo.

Basi kijiji kifanye nini? Mimi si daktari, lakini kwa hayo niliyoyasoma na kwa kosa nililolitenda, naona kabla ya kushika jembe yatupasa kuuliza maneno manne. La kwanza, viluwiluwi vilivyolala bapa viko katika maji yapi? Chota, utazame. La pili, je, maji hayo ni ya mvua, yatakayokauka, au ya kudumu? Ya mvua ni ya gambiae na wenzake, na ya kudumu yenye majani ukingoni ni ya funestus, aletaye homa hata mvua zikikoma. La tatu, ni nani aliyeyafanya maji hayo? Mashimo ya matofali, kokoto na barabara ni kazi ya mikono yetu, nasi twaweza kuyafukia. La nne, mbu huingiaje nyumbani? Mara nyingi hupita katika nafasi iliyo kati ya ukuta na paa, ambayo fundi angeliiziba kwa udongo au kwa wavu siku ya kujenga.

Kufyeka nyasi si vibaya, kwa kuwa nyoka hupungua. Lakini mtu asifyeke nyasi akadhani ameiondoa homa. Na mtoto akipatwa na homa apelekwe zahanati siku ile ile akapimwe damu, wala asingojeshwe kwa sababu kijiji kimefukia mashimo yake.

Baada ya bwana afya kuondoka tuliyafukia mashimo yale kwa siku mbili tu. Kazi yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya Jumamosi tatu. Yule mzee wa mahindi alikuja na jembe lake, akasimama kando yangu ukingoni, akauliza, "Mwalimu, ndiyo haya?" Nikamjibu, "Ndiyo haya, mzee." Akatazama darasa, akatazama shimo, wala hakusema neno jingine, akaanza kuvuta udongo.

Siku hizi kila tujengapo shuleni, udongo huchimbwa mahali palipo juu, pasipotuama maji, na shimo hufukiwa kabla ya matofali kuchomwa. Watoto wa darasa la tatu ndio wachotao kwa upawa kila Ijumaa wakati wa masika na kuandika waliyoyaona. Daftari lao limefika kurasa arobaini.